Jela iwe hatua ya mwisho: tuanze na mahabusu na wanaofungwa kwa kukosa faini

Mkwaju wa Njia Panda (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Naleta mada hii nikiwa na msimamo tayari, kwa hiyo sitazunguka. Jela inatakiwa iwe mahali pa mwisho mahakama kumpeleka mtu, baada ya njia nyingine kuangaliwa na kuonekana hazifai. Na kwa hapa kwetu Tanzania sehemu kubwa ya jambo hilo inawezekana bila kutunga sheria mpya. Sheria tunazo, zimekaa kabatini.

Juzi kati nilikaa kwenye benchi la Mahakama ya Mwanzo nikimsindikiza jirani mwenye shauri la mirathi. Kabla yetu aliitwa kijana wa kama miaka kumi na tisa. Alikiri kuiba jiko la gesi na sufuria mbili kwa mama ambaye kijana huyo alikuwa akimfulia nguo. Adhabu: faini laki mbili au miezi sita jela. Mama mzazi wa kijana akafungua ncha ya kanga pale pale, akahesabu elfu thelathini na tano, akamwangalia karani. Karani akatikisa kichwa. Kijana akapelekwa nyuma. Kilichonikaa zaidi ni yule mlalamikaji. Alisimama akauliza, "Na jiko langu?" Hakuna aliyemjibu, shauri lingine likaitwa.

Jumlisheni wenyewe. Aliyeibiwa hajapata jiko. Mama wa kijana amebaki na elfu thelathini na tano zake ambazo angezitoa kwa furaha ziwe malipo ya kwanza. Serikali haikupata faini, na sasa inamlisha kijana miezi sita. Nani amenufaika?

Sasa tuje kwenye nchi nzima. Desemba 9, 2019, siku Rais Magufuli alipotangaza msamaha kwa wafungwa 5,533 kule Mwanza, takwimu zilizotolewa zilionyesha mahabusu zaidi ya 18,000 na wafungwa 17,000 na kitu. Yaani watu ambao hawajahukumiwa walikuwa wengi kuliko waliohukumiwa. Magereza yetu yote kwa wakati ule yalikuwa na nafasi rasmi ya watu 29,902. Miezi michache kabla ya hapo, Julai 2019, Rais huyo huyo aliingia gereza la Butimba akawasikiliza mahabusu wenyewe, wengine wakiwa wamekaa miaka wakisubiri upelelezi, na baada ya ziara ile mamia waliachiwa. Swali langu ni hili: kama wangeweza kuachiwa baada ya Rais kuingia getini, walikuwa ndani kwa sababu gani?

Njia nyingine zipo. Sheria ya Huduma kwa Jamii ni ya mwaka 2002. Inamruhusu hakimu, pale kifungo anachokusudia hakizidi miaka mitatu, ampe mtu kazi ya bure ya manufaa kwa umma badala ya kumfunga. Kuna sheria ya uangalizi, yaani mkosaji anabaki nje akisimamiwa na ofisa, ambayo ni ya tangu enzi za mkoloni. Kanuni ya Adhabu inaruhusu kumwachia mtu kwa masharti kwamba asirudie kosa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaruhusu mahakama iamuru mkosaji amlipe fidia aliyemkosea. Hata faini, mahakama inaweza kumpa mtu muda wa kuitafuta.

Mimi sisemi tufungue milango. Nasema kila hakimu kabla ya kuandika neno kifungo aandike kwanza kwa nini kazi ya jamii, fidia na uangalizi havifai kwa mtu huyu. Akishindwa kuandika sababu, asimfunge.

Karibuni tujadiliane kwa hoja.

Ng'wana Meatu

Mleta mada, wewe bila shaka hujawahi kuibiwa ng'ombe.

Mimi nimeibiwa. Usiku, mvua inanyesha, wakavunja zizi upande wa nyuma. Asubuhi tukapiga mwano, yaani ukunga wa kuita watu, vijana wakafuata nyayo mpaka mchana, wengine pikipiki, wengine kwa miguu. Tuliwakuta porini, wawili wakakimbia, mmoja akakamatwa. Nashukuru sungusungu wetu, walinzi wa jadi, siku ile walikuwa na wazee ndani yao, la sivyo yule kijana asingefika polisi akiwa hai. Akafikishwa mahakamani, akala miaka mitano, maana wizi wa mifugo una kiwango cha chini tangu sheria ya mwaka 1972.

Sasa niambie. Angepewa kufagia zahanati kijijini kwetu, halafu jioni anapita mbele ya zizi langu, unadhani vijana wangekaa kimya? Watu wakiona mwizi amerudi siku hiyo hiyo, kesho hawapeleki mtu mahakamani. Wanamalizana naye palepale. Jela inamlinda hata huyo mwizi.

mama_maziwa

Hapo kwa Ng'wana Meatu pana ukweli. Ila kijana wa sufuria na mwizi wa zizi zima si watu wa kuwekwa fungu moja.

Mkwaju wa Njia Panda

Mkuu Ng'wana Meatu, pole sana, na nakushukuru kwa hoja nzito. Hofu ya watu kuchukua sheria mkononi naiheshimu, nimeona mtu akichomwa moto kwa ajili ya simu.

Lakini angalia: hasira ya watu inatoka wapi? Kwa ninavyowasikia mtaani, wanasema "polisi wanamwachia." Hawajui kilichoamuliwa, wala hawakuhusishwa. Mtu akitoka kwa dhamana wanadhani ametoa hela. Kama adhabu ingetangazwa kijijini, mkutanoni, mkosaji amesimama mbele yenu na mwenyekiti wa kijiji anajua anafanya kazi wapi na mpaka lini, ingekuwa habari nyingine.

Na mwizi wa ng'ombe anayetembea na genge usiku, mimi simtetei. Kwake hatua ya mwisho inafikiwa mapema. Naomba nikuulize jambo moja tu: ng'ombe wako ulirudishiwa wote? Na wale ambao hawakupatikana, hukumu ilisema nini?

Afande Mstaafu

Nimelitumikia Jeshi la Magereza sehemu kubwa ya maisha yangu. Kituo sitakitaja. Nitasema niliyoyaona.

Bweni lililojengwa kwa ajili ya watu arobaini linaweza kulala zaidi ya mia. Wanalala kwa ubavu, uso wa mmoja kwenye kisogo cha mwenzake, miguu imekunjwa. Usiku hugeuki peke yako. Nyapara anatoa amri, safu nzima inageuka kwa pamoja. Mwenye kifua kikuu akikohoa, anakohoa shingoni mwa mtu. Mgeni analala karibu na ndoo ya haja mpaka aje mgeni mwingine. Sasa katika bweni hilo yuko mtu wa unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungo miaka thelathini, na ubavuni mwake yuko kijana wa sufuria mbili, miezi sita. Huyu wa miaka thelathini ana muda wote wa dunia wa kufundisha. Nilikuwa nawaona wakitoka, baada ya mwaka wanarudi kwa kesi kubwa kuliko ya kwanza, na wanasalimiana na watu wa ndani kama wamerudi nyumbani.

Jambo la pili ambalo raia hawalijui. Mahabusu hafanyi kazi kama mfungwa, kwa sababu bado hajahukumiwa, na ni haki yake. Mwaka 2018 magereza yaliambiwa yajilishe yenyewe. Sawa, mashamba yapo, nguvu kazi ipo. Lakini unalima kwa wafungwa nusu, unalisha watu wote. Askari hatoshi: wengine wako shambani, wengine wamepanda karandinga kupeleka mahabusu mahakamani, wakasikie "upelelezi haujakamilika", warudi. Baada ya siku kumi na nne, tena. Mafuta ya gari yale, muda wa askari wale, wa hakimu na wa karani, vyote vimekwenda ili mtu aambiwe tarehe nyingine.

La tatu, wafungwa wa miezi miwili mitatu hatuwezi kuwafundisha chochote. Uashi, useremala, ushonaji, vyote vinataka muda. Mpaka umemjua jina, anaondoka. Ukitaka urekebishaji wa kweli tuachie wachache wenye vifungo vya kutosha, tuwashughulikie. Huwezi kumrekebisha mtu ambaye hana pa kulala.

Bibi Mwalimu

Nafundisha shule ya msingi, na uzi huu unanitia hofu kidogo. Nieleweke vizuri.

Hapa kijijini mtoto akifanyiwa ukatili, jambo la kwanza familia mbili zinakaa. Zinaongea lugha hii hii ya "tuyamalize", "alipe fidia", "jela haisaidii". Mbuzi wawili wanatolewa, mtoto anahamishiwa kwa shangazi, na mwanamume anaendelea kuishi mita mia kutoka shuleni kwangu. Tumepigana miaka mingi ili makosa haya yafike mahakamani. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka miaka thelathini kwa sababu, na kwa mtoto wa chini ya miaka kumi ni maisha. Msije mkatuletea hoja nzuri ya magereza, ikaja kutumika kuwatoa watu hawa kwa mlango wa nyuma.

Mkwaju wa Njia Panda

Mwalimu, nasimama na wewe bila masharti. Kwa anayemharibu mtoto, njia nyingine zinaangaliwa kwa dakika moja na kukataliwa, kwa sababu kila siku anayokaa nje kuna mtoto yuko hatarini. Jela ipo kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Na bweni likijaa wezi wa sufuria, wanaozururazurura na waliokosa faini, ndipo shinikizo la kutoa misamaha ya jumla linapokuja, na upelelezi wa kesi kama hizo zako unakosa watu kwa sababu askari wako kwenye karandinga.

Nikuulize na wewe: mtoto akiwa ndiye mkosaji?

Bibi Mwalimu

Hapo niko upande wako. Sheria ya Mtoto ya 2009 imekataa kabisa mtoto kuhukumiwa kifungo jela, na Mkataba wa Haki za Mtoto unataka hata kumkamata kuwe hatua ya mwisho na kwa muda mfupi unaofaa. Shida ni umri. Mvulana wa miaka kumi na sita mwenye mwili mkubwa akikamatwa sokoni anaandikwa kumi na tisa, na cheti cha kuzaliwa hana. Niliwahi kwenda kituoni na daftari la mahudhurio la shule ili kuthibitisha umri wa mwanafunzi wangu. Walimu tunaweza kufanya hivyo. Tufanye.

Kilindini

Hamjambo ndugu zangu wa Bongo. Niko Mombasa.

Huku kwetu Katiba ya 2010, ibara ya 49, imesema wazi kwamba mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi sita. Hilo limeandikwa kwenye Katiba yenyewe, si kwenye waraka wa mtu. Na sheria ya huduma kwa jamii tunayo tangu 1998. Ukipita ofisi ya chifu au shule za serikali utaona watu wanafyeka, wanapaka rangi, jioni wanarudi kwao. Wengi ni wa pombe haramu, ugomvi wa mtaani, au kuuza vitu barabarani bila leseni.

Kulipoingia korona mwaka 2020 mahakama zetu zilipitia mafaili na kuachia maelfu ya wafungwa wa makosa madogo ili jela zipumue.

Lakini msidhani kwetu ni peponi. Dhamana ya pesa taslimu inatumaliza. Hakimu anasema elfu hamsini, mtu ni mchukuzi wa mizigo pale Kongowea. Elfu hamsini ataitoa wapi? Anakwenda Shimo la Tewa, na kesi yake inachukua miezi. Kwenye karatasi amepewa dhamana, kwenye maisha yake amenyimwa.

Wakili Kijijini

Kilindini amegusa penyewe. Niongeze upande wa Tanzania, kwa sababu naona wengi wanazungumzia adhabu wakati mahabusu hajafika hata huko.

Kuna makosa ambayo kwetu hayana dhamana kabisa, kifungu kilichozoeleka kama 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha na mengine. Hakimu hana mamlaka ya kuangalia kama mtu huyu ni hatari au la. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani iliwahi kubatilisha sehemu moja ya kifungu hicho kwa kuwa kiliiondolea mahakama nafasi ya kuamua. Mei 2020 Mahakama Kuu ikasema kifungu chote cha 148(5) kinakiuka Katiba. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, kifungu kikabaki.

Kwa hiyo mtu akiongezewa shitaka moja la utakatishaji juu ya kesi ya kawaida ya fedha, dhamana imekufa. Kwangu mimi hii ndiyo jela inayotumika kama hatua ya kwanza. Mtu anaanza kutumikia, halafu ndiyo tunatafuta ushahidi.

Hatua nzuri ilipigwa 2022: sheria ilirekebishwa ili kesi isifunguliwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Tatizo hayo makubwa ndiyo yanayoweka watu miaka mingi. Tume ya Haki Jinai aliyoiunda Rais Samia mwaka 2023, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman, ilizunguka nchi nzima ikasikiliza watu, na Julai mwaka ule ikakabidhi ripoti. Mimi kila Bunge likikaa naangalia kilichofanyiwa kazi.

Na kwa makosa yenye dhamana, kwa wateja wangu maskini kizingiti ni wadhamini. Wadhamini wawili, barua ya serikali ya mtaa, kitambulisho, wakati mwingine na hati ya nyumba. Mtu amepanga chumba Tandale, amekuja mjini mwaka juzi, ndugu zake wako Kasulu. Mwenyekiti wa mtaa hamjui. Nani amdhamini? Nimeona watu wakikaa ndani wiki kadhaa kwa kosa ambalo hata wangekutwa na hatia wangepigwa faini.

Ng'wana Meatu

Mleta mada uliniuliza, nakujibu. Tulirudisha wanne. Waliobaki hatukuwaona tena. Hukumu ilisema miaka mitano. Kuhusu fidia sikusikia neno, na mimi sikujua kwamba naweza kuomba.

Zamani sungusungu walipokuwa na nguvu huku kwetu, mwizi alilipa ng'ombe. Ukoo wake ulilipa. Kulikuwa na ubaya mwingi pia, watu walipigwa, wengine walisingiziwa uchawi, sitaki turudi huko. Lakini kulipa kulikuwepo, na mwenye mali alirudi nyumbani na kitu.

Msimamo wangu haujahama kwa mwizi wa mifugo: aende jela. Ila alipe. Na kijana wa sufuria nakubali, angelipa jiko akaachwa.

Tai wa Uluguru

Nyie mnaongea mazuri lakini mmesahau nchi tunayoishi. Hiyo kazi ya jamii itakuwa biashara. Mwenye hela atasaini daftari la mahudhurio Jumatatu kwa wiki nzima, msimamizi atapewa chochote, habari imeisha. Maskini ndiye atakayefyeka kweli. Jela angalau ukuta ni ukuta.

Mkwaju wa Njia Panda

Tai, ukuta si kinga dhidi ya rushwa, nadhani hata wewe unajua. Tofauti ni kwamba ndani ya ukuta hakuna raia anayeona. Kazi ya kufyeka uwanja wa shule inaonekana: nyasi zimekatwa au hazijakatwa. Bandikeni majina kwenye ubao wa ofisi ya kata, mahali pa kazi, siku na saa. Mlalamikaji apewe nakala. Akipita asimkute, aende mahakamani akaseme. Hapo msimamizi atafikiri mara mbili.

mama_maziwa

Na wale wanaookotwa usiku kwa uzururaji mmewasahau? Mdogo wangu alikuwa anatoka kufunga genge lake la biashara saa tano usiku, akapakiwa. Hakuwa na kosa lolote zaidi ya kutembea kwa miguu.

Wakili Kijijini

Mama, umefanya vizuri kukumbusha. Hayo makosa ya uzembe na uzururaji tuliyarithi kwa mkoloni, yalikuwa ya kuwazuia watu wasio na kazi za wazungu wasikae mijini. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapa hapa Arusha, ilitoa maoni yake ya ushauri Desemba 4, 2020, kwamba sheria za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika na nchi ziziondoe au zizirekebishe. Mahakama iko kwetu, maoni yametolewa kwetu, na bado vijana wanapakiwa usiku.

Mfano mwingine wa adhabu isiyolingana na kosa ni nyara za serikali, yaani wanyamapori na sehemu zao. Mwaka 2022 nchi nzima ilimzungumzia mama wa Iringa aliyehukumiwa miaka 22 kwa vipande vya nyama ya swala, kabla Mahakama Kuu haijamwachia. Adhabu kali kama ile mtu angeitarajia kwa majangili wa meno ya tembo. Viwango vya chini vinamfunga hakimu mikono: hata akiona mbele yake ni mama wa kawaida mwenye sufuria ya mboga, namba imeshaandikwa. Kwa hiyo, mleta mada, hapa kidogo tunatofautiana. Kwa makosa madogo sheria zilizopo zinatosha. Kwa viwango vya chini inabidi Bunge lishike kalamu.

Mkwaju wa Njia Panda

Hilo nalipokea, wakili. Viwango vya chini haviwezi kuondolewa na nia njema ya hakimu.

Ofisa wa Uangalizi

Nimekuwa nikisoma tangu jana. Nafanya kazi hii mnayoizungumzia, kwenye wilaya moja, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Niwaeleze inavyokwenda ili mjue kwa nini haitumiki inavyostahili.

Hakimu akiona mtu anafaa, anatuandikia tufanye uchunguzi wa kijamii. Naenda anakoishi. Naonana na mjumbe, mwenye nyumba, ndugu, mwajiri kama yupo. Naenda kwa mlalamikaji pia, namuuliza anaonaje. Nauliza kama ni kosa la kwanza, kama kuna ulevi, nani wanamtegemea. Naandika ripoti, napendekeza. Hakimu akikubali, mtu anapangiwa kazi hospitali, shuleni, ofisi ya kata, kwa saa chache ili apate na muda wa kutafuta riziki. Akikiuka masharti narudisha taarifa mahakamani, na hapo kifungo kinamsubiri.

Sasa vikwazo. Mahakama za Mwanzo zimesambaa mpaka vijijini, mimi niko makao makuu ya wilaya. Nauli ya kumfuata mtu kijijini mara nyingi natoa mfukoni. Mahakimu wengine hawana muda wa kusubiri ripoti, hasa anayekiri kosa siku ya kwanza: anasomewa, anakiri, anahukumiwa, saa sita mchana yuko kwenye gari. Mimi napata habari kesho yake. Na wananchi hawaombi kwa sababu hawajui. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii, washitakiwa waliosimama wenyewe wakasema "naomba huduma kwa jamii" ni wachache mno.

Ninaowasimamia, wengi wanamaliza. Kuna baba mmoja alipangiwa zahanati, alikuwa fundi, akatengeneza milango iliyokuwa imeng'oka na vitanda vya wodi ya wazazi. Muda wake ulipoisha mganga mfawidhi alimwita tena, safari hii kwa malipo.

Afande Mstaafu

Ofisa, nakuunga mkono. Kila mmoja unayemsimamia wewe ni nafasi moja ya kulala imepatikana kwangu. Kama wizara ingechukua sehemu ya mafuta ya karandinga ikakupa pikipiki, ingeokoa zaidi.

Dada Mbagala

Samahanini kuingilia. Mdogo wangu ana kesi Alhamisi, Mahakama ya Mwanzo. Aligombana na mwenye duka, akavunja kioo na friji ya soda. Yeye anakubali alifanya, alikuwa amelewa. Hana rekodi yoyote. Sisi hatuna uwezo wa faini kubwa. Tufanye nini kabla ya Alhamisi?

Ofisa wa Uangalizi

Dada, siku zipo, usikate tamaa. Kesho asubuhi nenda ofisi ya huduma za uangalizi ya wilaya yenu. Kama hujui ilipo, uliza kwa karani wa mahakama au ofisi ya mkuu wa wilaya. Mweleze ofisa kesi iko wapi na lini, ili awe na taarifa mapema. Pata barua ya mtendaji wa mtaa inayosema mdogo wako anaishi hapo na anajulikana.

Siku ya kesi, akikiri, hakimu atampa nafasi ya kusema kabla ya adhabu. Hapo watu wengi wanasema tu "naomba nisamehewe" wanakaa. Asiseme hivyo. Aseme: hili ni kosa langu la kwanza, ninawategemeza watu fulani, niko tayari kulipa kioo na friji, naomba mahakama iagize ripoti ya ofisa wa uangalizi na inifikirie kwa huduma kwa jamii. Ajizoeze kuyasema nyumbani, kwa sababu akisimama pale maneno yatapotea.

Wakili Kijijini

Na friji ithaminiwe na fundi, muwe na karatasi. Bila hivyo mwenye duka anaweza kutaja bei ya mpya.

Dada Mbagala

Asanteni sana. Mwenye duka tulimfuata jana na mama, hakutufukuza. Alisema anataka friji yake tu, maana biashara ya soda imesimama. Akikubali kulipwa kidogo kidogo, hiyo inasaidia mahakamani au haina maana?

Ofisa wa Uangalizi

Inasaidia sana. Muandikishane kiasi na tarehe za kulipa, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, wote wasaini na muhuri upigwe. Mkiweza mlipeni chochote kabla ya Alhamisi, mchukue risiti. Na mwombeni mwenye duka aje mwenyewe mahakamani siku hiyo, hakimu amsikie kwa mdomo wake.